Miaka Yangu na Mama Mwenye Nyumba

Katika vichekesho vya televisheni yupo anayetoa neno la kuchekesha na yupo anayelipokea, na kwa muda mrefu hapa Dar es Salaam huyo wa pili amekuwa mwanamke. Yeye ndiye mke anayemsubiri mume arudi amelewa, ndiye mama mkwe anayeletewa posa na tapeli, ndiye mhudumu wa baa anayedaiwa chenji asiyoishika. Mchezo ukiisha, watazamaji humkumbuka mwanamume na maneno yake, na mwanamke hubaki kuwa yule dada aliyekuwa naye. Nimefanya kazi hiyo ya kupokea kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya usanii, na ninaipenda. Ninaandika haya kwa sababu naamini kwamba ni kazi yenye ufundi mkubwa, kwamba ufundi huo una mwenyewe, na kwamba mwenyewe asipoulinda kwa maandishi utachukuliwa mchana kweupe, mbele ya macho yake na ya majirani zake.

Nimekulia Temeke, wakati Tanzania Bara haijawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi tulisubiri hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, na hata miaka kadhaa baadaye, aliyetaka kucheka alikwenda ukumbini. Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre, ambayo sote tuliiita TOT, walikuwa wakishindana kwa maonyesho ambayo ndani ya jioni moja yaliweka ngoma, sarakasi, mchezo wa kuigiza, taarabu na kichekesho. Mama mdogo alikuwa akinichukua kwenye maonyesho hayo. Yeye alifuata taarabu, akiwa na noti zake za kuwatunza waimbaji zimekunjwa ndani ya kiganja. Mimi nilifuata kichekesho. Nakumbuka mwigizaji mmoja mwanamke ambaye hakuwa na maneno mengi. Mwanamume alizungumza, akarukaruka, akajigamba, na ukumbi ukatulia tu ukimtazama. Kisha yule mama akageuza kichwa taratibu, akamwangalia kuanzia viatuni hadi usoni, na hapo ndipo watu walipoanguka kwa kicheko. Nilikuwa mtoto, lakini niliona wazi kwamba kicheko kilitoka kwake.

Televisheni ilipoingia, nyumba yenye seti ilijaa watoto wa mtaa mzima kila jioni ya mchezo wa kuigiza, wengine wakitazamia dirishani. Hapo tuliwafahamu kina Bi Hindu na Bi Mwenda, wanawake watu wazima walioigiza kwa utulivu na mamlaka, na kwangu mimi walikuwa uthibitisho kwamba mwanamke anaweza kuzeeka katika kazi hii bila kudharauliwa. Katikati ya miaka ya 2000 likaja wimbi la Ze Comedy kwenye EATV, ambao baadaye walihamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Walikuwa wanaume watupu, wenye vipaji vya hali ya juu, na hata nafasi za kike walizicheza wenyewe. Wimbi hilo lilifungua njia kwa wengi, kwa sababu baada yake kila mtaa wa Dar es Salaam ulikuwa na kundi lake la vichekesho, na kila kundi lilitaka msichana angalau mmoja. Baba hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Mama alinyamaza, na ukimya wake niliuchukua kuwa ruhusa.

Kundi nililojiunga nalo lilikuwa likifanya mazoezi Mwananyamala, katika uwanja wa shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka. Hatukuwa na muswada. Huo ni utaratibu wa zamani kuliko televisheni yenyewe: wachekeshaji wa jukwaani walikuwa wakikubaliana kisa na mwisho wake tu, maneno kila mmoja akayatafuta mwenyewe mbele ya watu. Kiongozi wetu alitukusanya chini ya mkungu, akasema, "Wewe ni mke. Huyu anarudi usiku, na matumizi hakuacha. Haya, twende." Utaratibu huu una uzuri wake, kwa sababu unamlazimisha mwigizaji kumsikiliza mwenzake; lakini pia unampendelea mwenye sauti kubwa, na katika mazoezi yetu wenye sauti kubwa walikuwa wanaume. Msichana aliyetaka asikike alipiga kelele. Wote tulipiga kelele, na kisa kikageuka ugomvi wa bombani.

Kilichonifungua macho ni sini, yaani onyesho, moja ya samaki. Mume alikuwa anarudi na mfuko, akijitapa kwamba amefika Feri alfajiri na kumchukulia mkewe changu mkubwa wa kutosha wageni. Katika mazoezi nilikuwa nikifungua mfuko, nakuta dagaa, na naanza kufoka. Siku ya kurekodi sikufoka. Nilifungua mfuko, nikatazama ndani, nikamtazama yeye, nikatazama tena ndani, kisha nikavuta sinia, nikakaa chini na kuanza kupanga dagaa mmoja mmoja kwa mstari, kichwa kwa mkia, mpaka ukafika urefu wa samaki mkubwa. Sikusema neno. Mwenzangu aliendelea kujieleza, na kadiri mstari ulivyorefuka ndivyo sauti yake ilivyopungua. Mpiga picha ilibidi aiache kamera kwenye miguu yake mitatu na kurudi nyuma, kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika. Yule mwenzangu alinifuata baadaye na kunishukuru, maana maneno yake ambayo kila mazoezi yalikuwa yakipotea sasa yalikuwa yamesikika yote. Huyu anayepokea ni kama kiungo wa kati katika mpira: goli likifungwa jina lake halitajwi redioni, lakini mchezaji mwenzake anajua pasi ilitoka wapi.

Tangu siku hiyo nilianza kuusoma ukimya kama wengine wanavyosoma maneno. Ukumbini mwigizaji huongozwa na watu. Wakicheka anasubiri, wakipoa anaongeza mwendo. Mbele ya kamera hakuna anayecheka, kwani waliopo wote wamekatazwa kutoa sauti, na mwigizaji anatakiwa kukisikia kicheko cha mtu aliyekaa sebuleni kwake Tabata au Mbagala, ambaye ataliona tukio hilo majuma kadhaa baadaye. Ukiwahi kusema, unakikanyaga kicheko chake. Ukichelewa, anageukia simu. Kamera pia iko karibu mno. Mkono ambao jukwaani ulihitaji kunyanyuliwa juu ya kichwa, hapa unatosha kuhama kidogo tu kutoka gotini. Mambo haya hakuna aliyetufundisha; tuliyapata kwa kujitazama kwenye kanda zetu wenyewe, na wale waliokubali kujitazama bila kuona haya ndio waliokua.

Jambo moja nililikataa mapema. Visa vingi vilikuwa vikimalizwa kwa mke kupigwa kofi, kwa sababu kofi huchekesha haraka na huokoa kisa kilichokosa mwisho. Nilimwendea kiongozi wetu pembeni, nikamwambia, "Kaka, kofi hilo nimelisikia ukutani kwetu Temeke kwa miaka mingi, kutoka chumba cha pili, na hakuna aliyekuwa akicheka." Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Sasa tumalizeje, dada?" Lilikuwa swali la haki, na nililichukua nyumbani. Mwisho tulioupata ulikuwa huu: mume anafika usiku akidai chakula, mke anamtandikia mkeka, anamnawisha mikono kwa heshima zote, anamletea sahani iliyofunikwa kawa, na mume akiinua kawa anakuta karatasi yenye hesabu ya mchele, mafuta, vitunguu na mkaa, na jumla imepigiwa mstari chini. Mke anamkaribisha: "Bismillahi, mume wangu." Barabarani watu walitusimamisha kutueleza kisa hicho kwa majuma mengi. Kofi halikurudi tena katika kundi letu, na hatukupata kulihitaji. Vivyo hivyo nilikataa makalio ya matambara na kejeli za unene, ingawa vita hiyo ilikuwa ndefu zaidi na sikuishinda kila mara.

Halafu akaja Mama Mwenye Nyumba, mhusika niliyemtunga mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga chumba Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba huku na huku, uani kuna choo, bafu na jiko, na wapangaji wanatoka pembe zote za nchi. Kila aliyeishi katika nyumba hizo anajua kwamba serikali yake ni mwenye nyumba, na kwamba siasa yake kubwa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mita moja, wapangaji wengi, na uniti zinazokwisha usiku wa manane bila mtu kukiri kwamba alipiga pasi. Niliwatazama wenye nyumba kadhaa wa mitaa ile, na kutoka kwa kila mmoja nilichukua kitu. Mmoja hakuwa akidai kodi kwa mdomo. Asubuhi ya tarehe yenyewe aliketi na mbuzi yake ya kukunia nazi katikati ya mlango wa mbele, akakuna nazi bila haraka, na hapakuwa na namna ya kutoka bila kumwambia "Shikamoo, Bibi" na kusubiri asogeze miguu. Mwingine alikuwa na daftari la kodi ndani ya fundo la kanga, na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi. Wa tatu alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: akiwa uani, aliweza kujua kwa mlio wa mita kwamba kuna mtu anachemsha maji kwa umeme, na akataja chumba.

Hivyo vyote niliviweka katika mwanamke mmoja, kisha nikatafuta kitu ambacho ni chake peke yake. Nikampa tabia ya kutonyanyua sauti kamwe. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozungumza chini zaidi, mpaka mpangaji akalazimika kuinama kumsikiliza, na akiinama tayari ameshindwa. Nikampa pia huruma ambayo hataki ijulikane. Mpangaji akiugua, yeye ndiye anayemtuma mtoto dukani kununua dawa, kisha anaiandika katika daftari chini ya kodi, na mpangaji akitaka kumshukuru anajifanya hasikii. Sikumfanya mkatili, kwa sababu wenye nyumba niliowajua hawakuwa wakatili. Walikuwa wajane na waliotalikiwa ambao nyumba ile ndiyo ilikuwa mume wao, shamba lao na pensheni yao. Nadhani watu walimpenda kwa sababu hiyo. Bibi wa mbuzi ya nazi alipomwona kwenye televisheni aliniita barazani, akanikazia macho, akasema, "Mwanangu, mimi nakaa hivyo?" Nikamwambia, "Bibi, unakaa hivyo." Akafikiri, kisha akasema ananisamehe mradi nisimtie uchawi wala wivu. Ahadi hiyo nimeitunza.

Nilikuwa binti bado, nikicheza mwanamke wa makamo ya bibi yangu. Mpambaji hatukuwa naye. Mvi zangu zilikuwa poda, na nilijifunza upesi kwamba poda haimdanganyi mtazamaji ikiwa magoti ni ya kijana. Nilifanya mazoezi ya kuinuka kutoka chini kama anayehesabu maumivu kabla ya kuyapokea. Baadaye, katika warsha moja, mwalimu wa sanaa za maonyesho alituonyesha vipande vya kipindi cha Mmarekani Carol Burnett, ambaye vichekesho vyake vilirushwa na CBS kuanzia mwaka 1967 hadi 1978. Katika maigizo yao ya familia, mama mtu mzima mwenye mdomo mkali alichezwa na Vicki Lawrence, na binti yake akachezwa na Burnett mwenyewe. Mwalimu akatueleza kwamba Burnett alizaliwa mwaka 1933 na Lawrence mwaka 1949. Mama ni mdogo kwa bintiye kwa miaka 16. Kiingereza chao cha haraka kilinipita mahali pengi, lakini miili yao niliielewa yote. Niliona pia kwamba mwenye kipindi, ambaye jina lake ndilo lililokuwa juu, alikuwa radhi kumwachia msichana aliyetoka shuleni nafasi ya kuchekesha, na yeye akawa anapokea. Sijawahi kuona heshima kubwa kuliko hiyo baina ya waigizaji.

Kuhusu mazingira ya kazi sitasema mengi, maana kila msanii wa kizazi changu anayajua. Mavazi tuliyatafuta kwenye mitumba ya Karume, tukipekua marobota asubuhi kabla ya wenye maduka kufika. Mgawo wa umeme wa mwaka 2011 ulitulazimisha kurekodi kwa jenereta, na jenereta iliingia katika kila sauti, kwa hiyo tuliipeleka nyumba ya tatu na kuvuta waya mrefu juu ya kuta za watu, baada ya kumwomba kila mwenye ukuta. Posho ilitegemea mdhamini. Mdhamini akichelewa, tulirekodi kwa nauli.

Umaarufu ulikuja, na ulikuja kwa jina la mhusika. Makondakta wa daladala waliniita Mama Mwenye Nyumba na kuwaambia abiria wasogee, mwenye mali kaingia. Hilo halikunisumbua. Kilichoniwia kigumu ni siku ya msiba wa mama yangu. Nilitoka chumbani nimejifunga kanga, macho yamevimba, na pale uani baadhi ya wanawake waliokaa mkekani waliponiona, tabasamu likawatoka kabla hawajalizuia. Mmoja alicheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo kwa ushungi. Nilisimama sijui niende wapi. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuipenda kazi yangu, alinishika mkono, akanikalisha katikati yao, akawaambia kwa upole, "Huyu leo ni mfiwa. Mlilieni mama yake." Wakanikumbatia, na yule aliyecheka ndiye aliyelia nami kuliko wote. Nimelitafakari tukio lile mara nyingi, na sioni kwamba walinikosea. Uso wangu ulikuwa umeingia majumbani mwao kama kicheko kwa miaka, nao hawakuwa na njia ya kuutenganisha kwa dakika moja. Lakini tangu hapo, dada wanaoanza kazi hii nawaambia wazi kwamba watawapa watu uso wao, na kwamba wajitafutie watu wachache watakaoendelea kuwaita kwa jina la nyumbani.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na nyumba nyingi za uswahilini, ambazo ndizo zilikuwa watazamaji wetu, zilibaki na seti zisizoonyesha kitu mpaka pesa ya king'amuzi ipatikane. Wadhamini wakaingia wasiwasi, kundi likaanza kutafuta kituo kingine. Kipindi hicho nilikuwa nimejifungua. Nikiwa nyumbani nanyonyesha, jioni moja nilimwona Mama Mwenye Nyumba kwenye televisheni ya jirani: mbuzi ya nazi mlangoni, penseli kwenye uzi, sauti ya chini inayomwinamisha mpangaji, na maneno yangu mwenyewe mdomoni mwa dada mwingine. Hakuna aliyekuwa amenipigia simu.

Dada yule sikumlaumu wala simlaumu leo. Alikuwa anatafuta riziki, na alipewa mhusika kama anavyopewa mtu sare. Nilikwenda kwa kiongozi wetu na mtoto mgongoni. Alinikaribisha vizuri, akaagiza soda, akasikiliza, kisha akasema, "Dada yangu, wenye nyumba wamejaa Dar es Salaam nzima. Utasema ni wa kwako?" Nilirudi nyumbani bila jibu. Jibu nililipata polepole, kwa kuuliza na kusoma, na ndilo lililobadili namna ninavyofanya kazi.

Kiongozi wetu alikuwa amesema nusu ya kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, hailindi wazo tupu. Mwanamke mwenye nyumba na wapangaji wakorofi ni wazo. Ni la Dar es Salaam nzima, na ni haki libaki hivyo, kwani mimi mwenyewe nililiokota barazani kwa watu. Lakini sheria hiyohiyo inalinda kazi iliyoumbwa kutokana na wazo, ikiwemo michezo ya kuigiza, na ulinzi huo unaanza kwa kule kuumbwa kwake tu. Inamtambua pia mwigizaji na haki zake katika uigizaji wake. Kwa hiyo kilichokuwa changu ni yale mazungumzo, zile sini, ule mpangilio wa matukio niliyoyatunga. Shida ilikuwa ushahidi. Sini zetu zilitungwa chini ya mkungu, kwa mdomo, na zilihifadhiwa katika vichwa vyetu na katika kanda zilizokuwa kabatini kwa mtu mwingine. Nilikuwa na haki ambayo sikuwa na karatasi ya kuionyesha.

Hapo ndipo nilipomrudia Carol Burnett, safari hii kwa habari ya mkataba wake. Mwaka 1962 alisaini mkataba wa miaka 10 na CBS, na ndani yake kulikuwa na kipengele kwamba katika miaka 5 ya mwanzo angeweza kudai vipindi 30 vya saa moja moja vya vichekesho na muziki, na kituo kikawajibika kumpa. Miaka hiyo mitano ilipokaribia kwisha, alipiga simu kudai vipindi vyake. Wakubwa wakamwambia kwamba aina hiyo ya kipindi ni ya wanaume, wakamshauri achukue tamthilia nyepesi ya kuchekesha. Naye alikuwa na kipengele chake. Kipindi kikaanza Septemba 1967 na kikadumu misimu 11. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini kipaji kilekile bila aya ile moja kingesubiri hisani ya wanaume waliokwisha kuamua. Sisi Waswahili tunaona aibu kudai maandishi kwa mtu tunayekula naye, tunahofia ataona hatumwamini. Nasema kwa moyo wote kwamba aibu hiyo imewagharimu wasanii wetu kuliko ukosefu wa kamera. Mwaka 2018, mchekeshaji King Majuto akiwa mgonjwa, nchi nzima ilizungumza juu ya mikataba ya matangazo ambayo wasanii walisaini kwa malipo yasiyolingana na majina yao, na wizara ikaunda kamati ya kuipitia. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo. Mtu aliyechekesha taifa kwa uso na sauti yake tangu enzi za jukwaani alistahili kusomewa kila aya kabla hajashika kalamu.

Nilianza kuandika. Kila jioni, mtoto akilala, niliandika sini zote za Mama Mwenye Nyumba nilizozikumbuka, neno kwa neno, pamoja na vituo vya kunyamaza. Kuandika ukimya ni kazi ngumu. Ilinibidi nieleze mkono uko wapi, macho yanatoka wapi kwenda wapi, na mpangaji anasubiri kiasi gani kabla hajaanza kujitetea. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kuandika kulinifanya mwigizaji bora. Niliona sini ambazo zilichekesha kwa bahati, na nyingine ambazo zingechekesha zaidi kama mpangaji angepewa sababu ya kweli ya kukosa kodi. Nikaongeza wahusika wapya: mwalimu anayesubiri mshahara, kijana wa Kariakoo anayelala mchana, mama lishe anayeamka saa tisa usiku na kugombana na kila anayelala. Miswada hiyo niliipeleka kusajiliwa COSOTA. Nilipata mzalishaji mwingine, nikarudi hewani na mwanamke wangu, akiwa na nyumba mpya na wapangaji wapya. Wa kundi la zamani aliendelea kwa muda, kisha akatoweka bila kelele, kwa kuwa waliomchukua walichukua mbuzi ya nazi na penseli, lakini hawakujua kwa nini hapandishi sauti.

Siku hizi vichekesho vingi havisubiri kituo cha televisheni. Msichana wa Mbagala anajirekodi kwa simu dakika moja, na jioni anatazamwa mpaka Kigoma. Nafurahi, kwa sababu hakuna kiongozi wa kundi anayeweza kumwambia nafasi yake ni ya mke tu. Lakini dakika moja hiyo inakopiwa saa hiyohiyo, mhusika wake anaigwa kabla hajamaliza kumjenga, na kampuni inayomtaka kwa tangazo inamletea karatasi ya kusaini ikiwa imeshapigwa muhuri. Wanakuja kwangu na karatasi hizo. Tunakaa sebuleni, tunasoma aya kwa aya, na mara nyingi aya inayotusimamisha ni ile inayosema kwamba wahusika wote watakaoundwa katika muda wa mkataba ni mali ya mzalishaji, ikijumuisha majina, sauti na mavazi, bila kikomo.

Mzalishaji ninayefanya naye kazi sasa nilimwomba aiondoe aya hiyo kwa waigizaji wote, si kwangu pekee. Tulivutana, naye alikuwa na hoja: ametoa fedha, amelipa watu, amebeba hasara ya vipindi vya mwanzo. Tukakubaliana kwamba picha zilizorekodiwa ni zake, na mhusika ni wa aliyemtunga, jina lake likiorodheshwa katika kiambatisho. Na mwigizaji akiwa na uzazi, nafasi yake itaandikiwa safari au ugonjwa mpaka atakaporudi, wala haitachezwa na mwingine bila idhini yake. Dada anayecheza mama lishe amejiandikisha yeye mwenyewe katika kiambatisho hicho, kwani mwanamke yule amemjenga upya kabisa na mimi nimemwachia. Kinachobaki bila muafaka ni malipo ya vipande vinavyokatwa kutoka kwenye kipindi na kuwekwa mtandaoni, ambavyo vinaingiza fedha kwa miaka baada ya mwigizaji kulipwa posho yake ya siku moja. Mzalishaji anataka yaingie katika malipo ya mwanzo. Sisi tunataka asilimia, ihesabiwe kila robo mwaka na hesabu tuonyeshwe. Mwanasheria wetu ameshaiandika rasimu, na kikao kijacho ni Kinondoni, ofisini kwake.